Kwani Mimi Sijijui?

Mwenzio wiki hii nimenuniwa. Aliyeninunia si mpenzi, wala si baba mwenye nyumba. Ni mama mkubwa. Na ukishanuniwa na mama mkubwa ujue ukoo mzima umekununia, mpaka wale watoto wanaokujaga kukuomba hela ya barafu nao wanapita upande wa pili wa barabara. Kosa langu ni picha tu. Na aliyeniponza ni Mjapani mmoja wa miaka zaidi ya 200 iliyopita, ambaye hata sura yake mwenyewe haijulikani.

Unacheka? Subiri nikupe kisa chote.

Kuna siku nilikuwa maeneo ya Posta, nazuga zuga kungoja foleni ya magari ipungue. Si unawajua wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba chini, kando ya njia? Basi nikainama kuangalia, nikakutana na jalada lenye sura ya ajabu. Jamaa kapakwa poda nyeupe uso mzima, mdomo kaukunja kwa chini kama kalamba ndimu, macho madogo yamesogeleana kwenye pua, na vidole vyake kavitanua mbele ya kifua kama anataka kumrukia mtu. Nikacheka peke yangu. Nikadhani ni katuni, maana sisi wa magazeti haya katuni ndiyo ugonjwa wetu. Muuzaji akataka elfu kumi, tukavutana weee, nikaondoka nacho kwa elfu sita.

Nyumbani ndiyo nikajua kwamba yule si katuni. Ni mwigizaji kweli, aliyekula na kunywa kama mimi na wewe, jina lake Otani Oniji wa tatu, na picha yake ilitolewa mwaka 1794 katika mji wa Edo, ambao leo tunauita Tokyo. Hapo alikuwa katika nafasi ya jambazi Edobei, yuko mbioni kumpora mtumishi wa watu hela alizokabidhiwa. Usiku ule sikulala. Nilisoma mpaka muadhini akaniamsha na mimi bado niko macho.

Sasa tuelewane kwanza hapa. Hii michezo yao inaitwa Kabuki. Ilianza mwaka 1603 huko Kyoto, na aliyeianzisha ni mwanamke, anaitwa Okuni, aliyekuwa akicheza ngoma zake kwenye ufuko wa Mto Kamo pale maji yanapokauka. Watu walijaa, vurugu zikajaa, na wakubwa wakaona wanawake jukwaani wanaharibu akili za wanaume. Mwaka 1629 wakapiga marufuku, mwanamke asionekane jukwaani. Wakaingia vijana wa kiume wenye sura nzuri. Yaleyale! Mwaka 1652 nao wakapigwa stop. Kuanzia hapo wakabaki wanaume watu wazima, tena walioamriwa wanyoe nywele za mbele ili wasipendeze. Na wale wanaoigiza wanawake wakajiongeza, wakawa wanafunika upara wao kwa kitambaa cha zambarau. Kile kitambaa nacho kikageuka urembo. Binadamu bwana!

Kwa hiyo ukimwona mrembo kwenye picha za Kabuki, anayebembea na mwavuli, ana aibu zake, ujue huyo ni dume. Na wala si dume la kubahatisha. Watu hao waliisomea kazi hiyo toka utotoni, na wanawake wa mjini walikuwa wanakwenda kuwaangalia ili wajifunze namna ya kutembea, kusuka na kuvaa. Kulikuwa na mmoja anaitwa Sanogawa Ichimatsu. Mwaka 1741 alipanda jukwaani na vazi la miraba miraba, mraba mweupe na mraba wa rangi nzito, kama ubao wa drafti. Mji ukachizika. Kila binti anataka miraba ya Ichimatsu. Mpaka leo mtindo huo Wajapani wanauita kwa jina lake, na ile nembo ya Olimpiki ya Tokyo, ile ya mashindano yaliyosogezwa mpaka 2021, ilitengenezwa kwa kufuata miraba hiyohiyo. Mwigizaji mmoja, vazi moja, karibu miaka 280. Wewe na mimi tunavaa fulana mpya, wiki ya pili hakuna anayeikumbuka.

Utaona ajabu kwamba watu hao kisheria walihesabiwa kuwa ni duni. Waliitwa ombaomba wa kingo za mto. Hawakuruhusiwa kukaa popote wanapotaka, lakini wenye majina walilipwa ujira wa kutisha, mpaka likazuka neno "waigizaji wa ryo elfu moja", ryo ikiwa ni sarafu yao ya dhahabu. Mwaka 1714 bibi mmoja mkubwa wa ikulu, Ejima, alitumwa kwenda hekaluni, akapitia kwenye jumba la michezo la Yamamura, akastarehe na mwigizaji Ikushima Shingoro, akarudi geti limeshafungwa. Ilikuwa skendo ya karne! Bibi akahamishwa mbali, mwigizaji akatupwa kisiwani Miyake, na jumba la Yamamura likavunjwa kabisa. Enzi hizo gazeti kama hili lingeuza nakala hata kwa shogun mwenyewe.

Sasa mashabiki walikuwa wanampata vipi mtu wao, wakati hakuna kamera, hakuna televisheni, hakuna simu? Ndipo zinapoingia hizi picha. Mchoraji anachora kwa wino kwenye karatasi laini. Karatasi ile inagundishwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mti mgumu usiotafunika haraka. Mchongaji anachonga kufuata mistari, na mchoro wenyewe unaishia hapohapo, unakatika pamoja na ubao. Kisha kila rangi inachongewa ubao wake: nyekundu wake, kijani wake, nyeusi wake. Mpiga chapa anapaka rangi, analaza karatasi, anasugua kwa mgongo na kidude cha mviringo kilichofungwa ganda la mwanzi. Karatasi moja inapita kwenye kila ubao, na pembeni kuna alama ya kuilaza palepale, maana ikiteleza kidogo tu, mdomo unahamia shavuni. Unywele mmoja mmoja pale kwenye paji la uso, huo ni ubao umechongwa. Ukiutazama vizuri unaweza kumwonea huruma mchongaji.

Picha hizo hazikuwa za matajiri. Moja ilikuwa bei ya bakuli moja au mawili ya tambi za mtaani. Kijana anatoka kibaruani, anapita dukani, anaondoka na staa wake, anambandika ukutani. Kama sisi na mabango yetu ya wanamuziki na wacheza mpira. Na wafanyabiashara nao hawakulala. Kulikuwa na poda ya uso iliyopewa jina kutokana na jina la kishairi la Segawa Kikunojo wa tatu, dume maarufu kwa kuigiza wanawake, na jina la poda hiyo ukalikuta limechomekwa kwenye picha za warembo kama matangazo ya leo yanavyochomekwa kwenye video.

Sasa basi, sikiliza uone mahali nilipoingia choo cha kike.

Kama biashara ndiyo hiyo, picha ya staa lazima iwe nzuri. Mtu hanunui kasoro. Mchoraji anamtoa mwigizaji kijana hata kama amezeeka, anamtoa mwembamba hata kama kitambi kinatangulia. Ndivyo kazi ilivyokwenda. Halafu, mwezi wa tano wa kalenda yao, mwaka 1794, mchapishaji mmoja wa Edo anaitwa Tsutaya Juzaburo akaingiza sokoni picha 28 kwa mpigo, zote za sura kubwa kubwa kuanzia kifuani, na nyuma yake giza lililopakwa unga wa ulanga, yale madini yanayometameta. Jina la mchoraji: Toshusai Sharaku. Nani huyo? Hakuna aliyewahi kumsikia. Na Tsutaya hakuwa mtu wa kubahatisha. Miaka mitatu nyuma alikuwa ameshapigwa faini ya nusu ya mali yake kwa kuchapisha vitabu visivyotakiwa na serikali. Mtu aliyenyang'anywa nusu ya mali hakuweka pesa zake kwenye ubao wa mtu asiye na jina bila kuona kitu.

Alichokiona ni hiki: Sharaku alikuwa anachora mpaka yule aliyejificha ndani ya vazi. Yule Kikunojo mwenye poda yake, alimchora akiwa mke wa mtu, mgonjwa, na kile kitambaa cha zambarau kichwani. Vazi la mwanamke, mkao wa mwanamke, aibu ya mwanamke. Lakini taya ni la mwanamume wa miaka zaidi ya 40, limeshuka, limejaa. Macho yamechoka. Unamwona mke na unamwona baba wa watu anayefanya kazi ya kuwa mke, wote wawili kwa pamoja kwenye karatasi moja. Mwenye pua ndefu alipewa pua yake. Mwenye kidevu alipewa kidevu chake.

Mimi nilipofika hapo niligonga kitabu kwa kiganja, nikasema peke yangu, "Huyu ndiye!"

Lakini soko la Edo halikusema hivyo. Kwenye maandishi ya zama zilezile, watu waliomfahamu waliacha neno kwamba alitaka kuwachora waigizaji kwa ukweli uliopita kiasi, na ndiyo maana hakudumu. Miezi kumi tu. Picha zaidi ya 140, na mwanzoni mwa 1795 akapotea moja kwa moja. Mwaka huohuo wa 1794 kijana mwingine, Utagawa Toyokuni, alikuwa ameshaanza kuwatoa waigizaji walewale, wamesimama wima, wamependeza, miguu mizuri, mavazi yamekaa. Huyo akapeta. Wanafunzi wake wakaitawala biashara hiyo miaka mingi baada yake, na mmoja wao, Kunisada, alichora picha maelfu kwa maelfu mpaka alipofariki mwaka 1865.

Wataalamu wengi leo wanaamini Sharaku alikuwa Saito Jurobei, mwigizaji wa michezo ya Noh, ile ya heshima ya wakubwa, aliyekuwa mtumishi wa bwana wa jimbo la Awa. Yaani naye alikuwa mwenzao wa jukwaani! Alijua jasho linavyotiririka chini ya poda. Mwaka 1910 Mjerumani mmoja, Julius Kurth, akaandika kitabu kizima juu yake, na dunia ikashtuka. Leo Sharaku yuko kwenye makumbusho ya Tokyo, London, New York na Chicago, na yule Edobei wake unamkuta mpaka kwenye jalada la kitabu cha elfu sita pale Posta.

Ndiyo hiyo iliyoniponza, mpenzi msomaji. Nikajifanya Sharaku wa Magomeni.

Mama mkubwa ametimiza miaka 70, na wanawe wakaamua kumfanyia shughuli. Turubai, pilau, muziki, mambo yote. Mimi nikasema zawadi yangu itakuwa picha. Mama mkubwa, kwa msiokuwa wa kwetu, ndiye aliyetulea sote kwa vitumbua. Zaidi ya miaka 30 anaamka saa kumi alfajiri. Kwenye shavu la kushoto ana kovu la mafuta yaliyomrukia mwaka ambao dada yangu anaingia sekondari, na anasema aliuza siku hiyohiyo akiwa na kitambaa shavuni, maana ada ilikuwa haijatimia.

Basi nikamvizia alfajiri. Moto unamwangaza kutoka chini, uso unang'aa jasho, kovu linaonekana, mdomo umepinda anamkaripia mjukuu, mkono na kijiti cha kugeuzia uko hewani. Nikapiga. Nikaipeleka studio wakaikuza kubwa, nikakataza wasiguse kitu, hata chunusi. Kijana wa studio akaniuliza mara mbili, "Bro, nisimsafishe mama kidogo?" Nikamwambia wewe huwezi kuelewa, hii ni sanaa.

Siku ya shughuli nikasimama mbele ya watu, nikaifunua. Ukimya. Sio ule ukimya wa kuvutiwa, hapana, ule ukimya wa mtu kudondosha sahani. Mama mkubwa akaitazama, akatabasamu kwa meno ya mbele tu, akasema ahsante mwanangu, akaigeuza uso ukaelekea ukutani. Mara akapanda mpwa wangu na yake. Hiyo kaipiga kwa simu, kaipitisha kwenye programu za kulainisha uso, kovu hakuna, kunyanzi hakuna, ngozi kama yai, mama mkubwa anaonekana mdogo kuliko mimi. Vigelegele! Turubai nusura ling'oke. Mama mkubwa mwenyewe akaibusu.

Nikaona nimeonewa. Kesho yake nikamfuata uani na kitabu changu kwapani. "Shikamoo mama." "Marahaba." Nikamwaga somo lote: Edo, mcheri, Sharaku, makumbusho, ukweli. Nikamwonyesha na yule Kikunojo. Akafuta mikono kwenye khanga, akaitazama picha ile muda mrefu kuliko alivyoitazama yangu. Halafu akaniuliza, "Huyu bwana alipochorwa hivi, aliulizwa?"

Nikakosa jibu.

"Kazi yake ilikuwa kuwa mwanamke mzuri," akasema. "Kaamka, kajipaka, kavaa, kajikaza. Halafu mtu anamwonyesha kila mtu taya lake. Mwanangu, wewe unanionyesha kovu langu, kwani mimi sijijui? Hilo kovu wewe unaliona hadithi. Mimi nikiliona nasikia mafuta. Miaka 70 nimekaa jikoni, siku moja nataka kukaa sebuleni."

Jamani, nilitoka pale nimenywea kama kuku wa mvua.

Nimekaa wiki nzima nawaza. Siku zote nilikuwa nawacheka wale mashabiki wa Edo, naona hawakujua kitu, walikuwa na dhahabu mkononi wakakimbilia shaba. Lakini mtu aliyetoa hela ya tambi zake kununua sura ya Kikunojo, alikuwa ananunua ile saa moja aliyoisahau dunia kule jukwaani, na taya la mtu halikuwemo. Na wakubwa wa nchi waliielewa nguvu ya saa hiyo kuliko mimi. Mwaka 1842 walipiga marufuku kabisa picha za waigizaji, na mwaka huohuo wakamfukuza mjini Danjuro wa saba, staa wa mastaa, kwa kosa la anasa. Mashabiki hawakukubali. Miaka michache baadaye mchoraji Kuniyoshi akatoa picha za ukuta uliochorwachorwa ovyo kama na watoto watukutu, mistari ya kupinda, mapua, mashavu. Serikali ikiuliza, ni uchafu wa ukutani tu. Lakini shabiki akitazama, anamjua kila mmoja! Pua ya fulani ile, kidevu cha fulani kile.

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho sikumwambia mama mkubwa, na sijui kama nitamwambia. Mashabiki wale nao walizijua zile pua. Walizijua siku zote. Walipomfurahia Toyokuni hawakuwa wamedanganyika. Walijua kilichofichwa, wakakubali kifichwe, kama mtu anavyojua kwamba jirani yake kavaa nguo ya kuazima harusini na asiseme. Sharaku naye hakuwa na kosa, maana bila yeye leo tusingejua kwamba Kikunojo alichoka. Ila aliwahi. Aliisema wakati mwenyewe bado yuko jukwaani.

Juzi katumwa mtoto na bahasha kubwa iliyofungwa kwa khanga chakavu. Ndani ni picha yangu. Hakuna salamu. Nimeitundika chumbani kwangu, juu ya redio. Usiku taa ikiwa ya upande, kovu linaonekana vizuri, na mkono ule wenye kijiti ni kama bado unanikaripia. Na mimi nimeshaamua, akiwa hai haitatoka humu ndani. Atakayekuja kuiona sebuleni pangu wala asisumbuke, sebuleni nimebandika ile yenye ngozi ya yai. Nimeomba nakala kwa mpwa wangu, kanichaji elfu tano, mshenzi yule.

Jumapili nakwenda na kilo mbili za mchele na nusu kilo ya sukari kuomba msamaha. Niombeeni. Na wewe mwenye simu mkononi, kabla hujamrusha mama yako kwa watu na kitambaa chake cha jikoni kichwani, hebu muulize kwanza anapenda atokeje.

Haya, tukutane wiki ijayo, kama nitakuwa nimeshaamkiwa.